Sekunde Nne za Mzee Mihayo

Mzee Mihayo Kasanda alikuwa ameshatoa mashine mia moja na kumi na mbili kwa Jumba la Gemu za Kale la Tabora, na kila moja aliileta kwa mikono yake mwenyewe, ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku wa mgeni. Ya mia moja na kumi na tatu aliichelewesha miaka kumi na moja. Kila Kalunde, msomaji wa mashine wa Jumba hilo, alipomuuliza kama amebakiza nyingine, alijibu kwamba bado anatafuta kwenye maboksi. Halafu Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshaosha vumbi kwenye mapaa meupe ya mji, akaingia na kitu kidogo kilichofungwa kwa leso ya marehemu mkewe, akakiweka juu ya meza ya kazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, ndiyo hiyo. Sasa sina tena."

Kalunde akaifungua leso. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchezea mkononi, rangi ya udongo wa mfinyanzi, kioo kina ufa kwenye pembe moja, na kitufe cha kulia kimesagika hata alama yake haionekani. Kaseti ilikuwa bado imechomekwa mgongoni. Akaigeuza, akasoma karatasi iliyofifia: *Mpanda Mnara*. Ikambidi akae.

Wakusanyaji wa gemu za kale, tangu Kigoma hadi Lamu, waliizungumzia *Mpanda Mnara* kama watu wanavyomzungumzia ndugu aliyepotelea ng'ambo. Vijana watatu wa Shinyanga waliitengeneza wakiwa chuoni, wakatoa kaseti mia mbili, kisha kila mmoja akashika njia yake. Kalunde alikuwa ameitafuta miaka ishirini. Alikwisha kukata tamaa.

"Ulikuwa nayo siku zote hizi?"

"Nilikuwa nayo."

"Na ukanyamaza."

"Nimekuletea au sijakuletea?"

Kalunde akacheka, lakini mzee hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono wake wa kushoto, ule uliovunjika zamani ukaunga upande.

"Utaiwasha?" aliuliza.

"Siwezi kuiwasha hivi hivi, itaungua. Nitampa Mdadisi aisome kwanza."

"Na huyo Mdadisi wako anasoma kila kitu?"

"Kila kitu, Baba. Unajua."

"Najua," alisema Mzee Mihayo. Akaikunja leso mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kungoja chai ambayo alikuwa haikosi kila Jumatatu.

Kalunde alimtazama akivuka uwanja. Jumamosi ya wiki ile ile Mkuu wa Mkoa angekuja kufungua ukumbi mpya wa Jumba, na ukumbi ungeitwa kwa jina la mzee huyu. Akadhani ni heshima inayomlemea. Watu wengine ndivyo walivyo, ukiwasifu wanaugua.

*

Kalunde alimjua mzee tangu akiwa na miaka kumi na minne. Wakati huo Mzee Mihayo alikuwa na kibanda cha gemu mtaa wa Ng'ambo, cha mwisho mjini. Watoto wa rika la Kalunde walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye gemu za machoni, zile ambazo unavaa vioo, unafikiri, na kitu kinatendeka. Walipita kibandani kucheka. Kalunde aliingia kukwepa jua, akapewa pedi ya kuchezea gemu, akagundua kwamba hajui kutumia dole gumba lake mwenyewe. Mzee alimfundisha. Baadaye akamfundisha kushika pasi ya kuchomelea, kuyeyusha risasi bila kuunguza njia za shaba, kunusa chipu inayotaka kufa. Baba mzazi wa Kalunde alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuja na kwenda. Mzee Mihayo alikuwa wa kila siku.

Jumanne asubuhi akamwasha Mdadisi.

Mdadisi hakuwa mkubwa kuliko cherehani, na katika nchi nzima walikuwapo wanne tu. Kazi yake ilikuwa hivi. Kila kidole kinapobonyeza kitufe, umeme mdogo kuliko unywele hupita ndani ya chipu, na unapopita huacha mkwaruzo, kama nyayo zinavyochimba njia kwenye mlima. Binadamu hawezi kuuona mkwaruzo huo. Mdadisi aliuona, akaupanga juu ya mwingine kwa kufuata saa ndogo ya mashine, mpaka akaweza kukwambia ni kidole gani kilibonyeza nini, siku gani, dakika gani, hata miaka hamsini nyuma. Ndivyo gemu nyingi zilizokwisha kufutika zilivyofufuliwa.

Ndiyo sababu pia wasomaji wa Mdadisi waliapishwa. Ndani ya mashine za watu mlikuwa na maisha ya watu. Kiapo kilikuwa kifupi: kilichosomwa ni cha mwenye mashine, na msomaji hana mdomo. Akisema neno nje bila ruhusa, hata kwa hakimu, ushahidi wake utapokewa lakini yeye hatagusa tena Mdadisi mpaka kufa. Kalunde aliapa akiwa na miaka thelathini na hajawahi kupata shida na kiapo hicho.

Gemu ilitoka nzima. Hakukuwa na jeraha hata moja. Kalunde akaona mnara ukichomoza kiooni, na mwanamke mdogo aliyejifunga kibwebwe akianza kupanda, na maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za mraba. Alilia kidogo, peke yake, bila haya. Gemu ilikuwa na ajabu moja ambayo alikuwa ameisikia tu kwa wazee: mashine ilikuwa na sikio, na mpandaji alipochoka mchezaji alitakiwa kumpigia mluzi ili apate nguvu.

Kisha akaomba orodha ya vipindi, jinsi alivyofanya kwa kila mashine, na cha mwisho kikatokea juu kabisa. Tarehe kumi na tisa Aprili. Kimeanza saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kimeisha saa nne na dakika ishirini na nne.

Kalunde aliusoma mwaka. Akausoma tena.

Hakuna mtu wa Tabora asiyeijua siku hiyo. Ndiyo siku bwawa la Ikonongo lilipofurika, maji yakashuka bondeni, yakaondoka na watu thelathini na mmoja. Mzee Mihayo alikuwa mlinzi wa malango ya bwawa, zamu yake, peke yake. Aliiambia tume kwamba king'ora hakikulia. Kwamba alikuwa akizunguka ukuta kwa miguu, akayaona maji yameshafika juu, akakimbilia lango la pili na kulifungua kwa gurudumu la mkono mpaka mkono ukavunjika. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na kwa lango hilo kijiji kizima cha Igigwa kilipona. Igigwa waliwapa watoto wao jina lake. Chumba cha mitambo chenyewe kilisombwa, na pamoja nacho kila kitu ambacho kingeweza kusema vingine. Tume ikaamua kwamba king'ora kilikuwa kibovu. Fundi aliyekitengeneza siku moja kabla, mwanamke wa Mbeya aliyeitwa Atupele Mwambene, alifungwa miaka saba. Alitoka akiwa mgonjwa, hakukaa mwaka.

Kalunde akakifungua kipindi kile, dakika kwa dakika. Vidole vilikuwa vinacheza bila kupumzika. Mtu anayezunguka ukuta wa bwawa hachezi hivyo. Saa nne na dakika saba, sikio la mashine liliruka. Sauti moja kali, iliyonyooka, ilijaza mstari wake mpaka juu. Mluzi hausikiki hivyo, wala upepo. Sekunde mbili baadaye kidole kikabonyeza kusimamisha. Sekunde nne gemu ilisimama. Ndani ya hizo nne, sauti ilikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha kidole kikabonyeza kuendelea, na mwanamke wa kibwebwe akaendelea kupanda, dakika kumi na saba zaidi, hadi kileleni.

Kalunde akamzima Mdadisi. Akatoka nje, akasimama kwenye jua bila kujua anakwenda wapi.

*

Alikwenda kwa mzee Jumatano baada ya chakula cha mchana. Alimkuta barazani kwake, mtaa wa Kachoma, amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Mzee alimtazama usoni mara moja tu, akausogeza ungo pembeni.

"Umekwisha kusoma."

"Nimesoma, Baba."

"Keti."

Kalunde hakuketi. "Kililia."

Mzee Mihayo aliutazama ungo. Jirani alikuwa akitwanga, mchi unapanda unashuka.

"Wiki ile kilikuwa kimelia mara tano," alisema hatimaye. "Mara tano, Kalunde, na mara zote maji yako chini. Usiku, mchana. Unakimbia, unafika, hakuna kitu. Ndipo akaletwa yule mama. Alikaa siku nzima amelala kwa mgongo chini ya mitambo. Jioni akaniambia, 'Kaka, sasa hiki hakidanganyi tena. Kikilia, amka.' Nikamwambia ahsante. Sikumwamini. Kesho yake kikalia."

"Ukakinyamazisha."

"Nilikuwa karibu na kilele. Gemu ile ilikuwa haihifadhi njiani, ukitoka unarudi chini kabisa. Nimeihangaikia miezi minne. Nikasema, ngoja nimalize, halafu nitakwenda kuangalia." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilimaliza. Nikafurahi, Kalunde. Hilo ndilo silisahau. Nilisimama katikati ya chumba kile nikafurahi, halafu nikaitia mashine mfukoni, nikachungulia dirishani."

Kalunde akaketi kwenye ngazi.

"Kwa nini hukusema? Baada ya pale, kwa nini?"

"Nilikuwa hospitali, mkono umefungwa, watu wa Igigwa wamenizunguka wanalia na kunibusu. Aliyekuja kuniuliza alikuwa amekwisha kuandika jibu. 'King'ora hakikulia, sivyo?' Nikasema ndivyo... nikasema hakikulia. Neno moja. Nilidhani watasema kilikuwa chakavu, yaishe. Sikujua watamkamata mtu. Walipomkamata, nilikuwa nimekwisha kulisema."

"Alikuwa na watoto wawili."

"Najua majina yao."

Mchi wa jirani ukaacha kutwanga. Mzee akasogea mbele, akashika mkono wa Kalunde, na sauti yake ikashuka.

"Futa. Gemu iache, dunia iione. Hicho kipindi kimoja kifute. Wewe peke yako ndiye umekiona."

"Baba."

"Basi kama huwezi kufuta, ningoje. Nina miaka themanini na moja, moyo huu hauna masika mawili. Nikifa, sema. Panda juu ya kaburi langu useme. Ila usinifanyie hivi nikiwa naona. Wale watoto wa Igigwa wanaoitwa Mihayo, sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Waache kwanza wanizike."

Kalunde hakuutoa mkono wake. "Kama ulitaka isijulikane, kwa nini umeileta?"

Mzee alitokwa na machozi, yakafuata mikunjo ya uso.

"Nilikuwa nimechoka kuiangalia," alisema. "Nilidhani kuchoka ni ujasiri. Kumbe si kitu kimoja."

"Ijumaa asubuhi nitakwenda kwa Ipyana, mwana wa yule fundi," alisema Kalunde. "Saa mbili nitapita hapa. Ukitoka nami, utasema mwenyewe, na mimi sitakuwa nimevunja kiapo. Nitashika tu begi."

"Na nisipotoka? Watakunyang'anya Mdadisi. Msomaji mwingine yuko Dodoma, na hana muda na gemu. Zile mashine mia na ushee zitaoza kwenye kabati. Kazi yangu na yako."

"Najua."

"Hujui. Unasema tu."

*

Alhamisi alishinda kazini. Darasa la watoto wa shule lilikuja kutembea, na kwa saa mbili Kalunde aliwaonyesha vidole gumba vyao. Msichana mmoja alifaulu kurusha kigari juu ya daraja, akapiga kelele kana kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani kufanya hivyo, na darasa zima likaanguka kicheko. Kalunde alisimama nyuma yao akihesabu makabati. Chipu za zamani hazingojei. Asipozisoma yeye, katika miaka mitano au sita nusu ya ukumbi ule itakuwa plastiki tupu.

Moyoni alijaribu kumpa mzee hoja zake zote, hata zile ambazo mwenyewe hakuzisema. Mtu mmoja alikwisha kufa, hatarudi. Kijiji kizima kilipona kwa mkono wake. Kungoja si kusema uongo. Kila hoja ilisimama vizuri mpaka alipomfikiria Ipyana, ambaye hajawahi kumwona, akiamka kesho, na kesho kutwa, na mwaka kesho, bado ni mtoto wa mwanamke aliyeua watu thelathini na mmoja, kwa sababu Kalunde anamngojea mzee afe kwa amani. Hapo kungoja kukawa ni kitendo, na mwenye kukitenda ni yeye.

Ijumaa saa mbili alibisha mlango wa mzee. Redio ilikuwa inasema ndani. Alipobisha mara ya pili, mtu aliipunguza sauti. Kalunde akangoja. Akasikia kikohozi cha mzee, karibu kabisa, nyuma ya ubao wa mlango, na hata vidole vikigusa komeo.

"Baba, ni mimi."

Komeo halikusogea. Alingoja mpaka saa tatu kasorobo. Kisha akaweka kiganja kwenye mlango, kama anayemuaga mgonjwa, akachukua begi lake akaondoka.

*

Ipyana Mwambene alikuwa na karakana ya pampu za maji huko Kiloleni, mtu mwembamba wa miaka arobaini na mitano, mwenye mafuta meusi hadi kwenye viwiko. Alidhani Kalunde ameleta pampu. Alipoambiwa kwamba habari inamhusu mama yake, alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dada, kama wewe ni mwandishi wa habari, tumekwisha kusema yote. Kila Aprili mnakuja."

"Si mwandishi. Mimi ni msomaji wa mashine za kale. Nimeapa kutosema nitakayokwambia, na sasa nakwambia."

Akamweleza. Hakupamba na hakumtetea mtu. Ipyana alisikiliza amesimama. Alipofika kwenye mstari wa sauti, akainua mkono.

"Kilisikika? Unayo sauti yenyewe?"

"Si nzuri. Sikio la mashine lilikuwa dogo. Mdadisi ameitengeneza upya kwa kadiri alivyoweza."

"Niwekee."

Kalunde akatoa kioo cha Mdadisi begini, akakiweka juu ya benchi, kati ya bomba na makopo ya misumari. Mwanamke wa kibwebwe akatokea, anapanda. Kisha ikaja: sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini imenyooka, haikutetereka wala kukatika. Sekunde mbili. Gemu ikasimama. Ukimya ukakatiza. Mpandaji akaendelea.

"Rudisha," alisema Ipyana.

Aliirudisha. Mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano Ipyana aliinamisha kichwa, akaegemea benchi kwa mikono yote miwili.

"Unasikia inavyolia?" alisema. "Haina doa. Mama alitwambia mpaka siku ya mwisho: nilikitengeneza, kililia, mtu amesema uongo. Sisi tukasema ndiyo, Mama. Ukiwa mtoto unasema ndiyo. Mimi sikumwamini, dada. Nilimuuguza, nikamlisha, nikamzika, na moyoni nilikuwa nasema labda ulisahau waya. Kosa la waya mmoja tu. Nilikuwa nimemsamehe. Unaelewa? Nilimsamehe kitu ambacho hakukifanya."

Kalunde akakifunika kioo.

"Yule mzee yuko wapi?"

"Nyumbani kwake. Nilimwita, hakutoka. Kesho wanaita ukumbi kwa jina lake. Nikitoka hapa ninakwenda kwa Mkuu wa Mkoa, nitaandikisha maelezo. Ukitaka kuja, twende. Ukitaka kumfuata kwanza yeye, hiyo ni haki yako, sitakuzuia."

"Unampenda," alisema Ipyana. Hakuuliza.

"Ndiye aliyenilea."

Ipyana akatoa simu mfukoni, akaifuta kioo kwa shati.

"Nina dada yangu, Sekela, yuko Tukuyu. Shuleni walimrushia mawe. Alipoolewa aliacha jina, akawaambia wanawe kwamba hana mama, kwamba alilelewa na misheni. Ni miaka ishirini hatujataja jina la Mama mimi na yeye." Akabonyeza. Simu ikaita. Sauti ya mwanamke ikaitikia, yenye haraka, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Ipyana? Kuna nini, mbona asubuhi?"

Ipyana akafungua mdomo. Neno halikuja. Akajaribu tena. Sekela akauliza kama kuna mtu amekufa. Ipyana akatikisa kichwa, kana kwamba dada yake anaweza kuona, akamkabidhi Kalunde simu kwa mikono miwili.

Kalunde akaipokea. Karakana ilikuwa kimya, ila pampu moja pembeni iliyokuwa inavuta maji pole pole.

"Dada Sekela, shikamoo. Hakuna aliyekufa," alisema. "Naitwa Kalunde Maganga. Nilikuwa msomaji katika Jumba la Gemu za Kale, hapa Tabora. Nina habari za mama yako. Tafuta mahali ukae."